Nene, Nyembamba, na Jina la Marehemu

Kuna fonti moja ambayo ikifutwa leo usiku kwenye kompyuta zote za Thika, kesho asubuhi hakuna harusi itakayotangazwa wala marehemu atakayezikwa kwa heshima. Natia chumvi, lakini kidogo tu. Unaijua hata kama hujawahi kusikia jina lake. Herufi zake zimeinama kuelekea kulia, nene kama nguzo mahali pamoja na nyembamba kama uzi mahali pengine, na ncha zake zimemaliziwa kwa vile vijiguu ambavyo wachapaji huviita serifu. Imeandika majina ya maharusi kwenye kadi, majina ya marehemu kwenye programu za mazishi, majina ya saluni kwenye vioo. Majuzi nimeikuta Makongeni kwenye toroli, ikitangaza mayai boilo na smokie pasua.

Inaitwa Playfair Display. Ilichorwa na Claus Eggers Sørensen, mchoraji wa fonti kutoka Denmark, ikatolewa bure mwaka 2011. Leo iko Google Fonts na iko Canva, yaani iko kila mahali. Ina uzito wa aina kadhaa, wima na mlazo. Mimi nitaongea juu ya mmoja tu, ule unaopendwa huku kwetu: Black Italic, ambao ni mzito kuliko yote na umelazwa. Watu wa saiba hawaiti hivyo. Wanaiita "ile ya heshima".

Sikusomea haya mambo. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda, na tangu hapo nakula kwa maneno. Nakaa Ruiru, kazi nyingi napata Thika. Naandikia watu menyu, matangazo ya ploti, hotuba za baba wa bibi harusi, na zaidi ya yote naandika wasifu wa marehemu kwa familia ambazo wiki hiyo hazina nguvu ya kushika kalamu. Kazi yangu huishia pale mtu wa saiba anapoyachukua maneno yangu na kuyamimina ndani ya "ile ya heshima". Kwa hivyo nimeiangalia fonti hii kwa miaka, kama mpishi anavyoziangalia sahani ambazo si yeye aliyezinunua.

Anza na herufi n. Ina nguzo mbili nene zilizoinama, na kati yao uzi unaotoka kwenye nguzo ya kwanza, unapanda, unaishika ya pili kwa juu. Sasa tazama u. Nguzo ni zilezile mbili. Tofauti yote iko kwenye uzi: kwa n umeshika juu, kwa u umeshika chini. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Nene na nyembamba haikuja tu kwa sababu mtu aliona inapendeza. Ilitoka kwenye mkono. Kalamu ya zamani ya unyoya ilikatwa ncha pana, ikaandika mstari mpana ikielekea huku na mwembamba ikielekea kule. Kisha ikaja kalamu ya ncha kali, iliyopasuliwa katikati. Hiyo ukiikandamiza inaposhuka, ncha inafunguka, wino unamwagika, mstari unanenepa. Ukiiachia inapopanda, unabaki na unywele tu. Sørensen mwenyewe alisema alikuwa anaangalia kipindi hicho cha mabadiliko, mwishoni mwa karne ya 18, na hasa herufi za Mwingereza John Baskerville. Wengine waliipeleka tofauti hiyo mbali zaidi: Giambattista Bodoni kule Parma, na ukoo wa Didot kule Paris. Ukiona jina la jarida la Vogue kwenye meza ya saluni, hiyo ni damu ya Didot.

Lakini kuna jambo la Baskerville ambalo huku kwetu halisemwi, na kwangu mimi ndilo kiini cha kila kitu. Baskerville hakuchora herufi peke yake. Alipotoa kitabu chake cha Virgil mwaka 1757 huko Birmingham, alikuwa ametafuta karatasi laini kuliko iliyozoeleka, akatengeneza wino mweusi kuliko wa wenzake, na karatasi zikishachapwa alizikandamiza kwa moto ziteleze. Alijua kwamba uzi mwembamba ukikutana na karatasi ya mikwaruzo unakatika. Herufi ya aina hii ni mkataba na karatasi. Ukichukua herufi ukaiacha karatasi, umechukua nusu ya mkataba, na nusu uliyoiacha ndiyo iliyokuwa inafanya kazi.

Unene nao una historia yake, na hauna heshima hata kidogo. Mapema karne ya 19, huko London, wachongaji wa herufi walizichukua zile herufi za nene na nyembamba wakazivimbisha nguzo mpaka zikafanana na watu walioshiba. Uzi ukabaki uleule. Robert Thorne ndiye anayetajwa sana kwa kazi hiyo. Na nani alizipenda? Watu wa bahati nasibu. Mabango ya kuuzia tiketi za bahati nasibu ya serikali ya Uingereza yalijaa herufi hizo, mpaka bahati nasibu yenyewe ilipofungwa mwaka 1826. Zilikuwa herufi za kupiga kelele ukutani. Ukipita Thika Road leo na kuona mabango ya kampuni za kamari, yote herufi nene zilizoinama kama zinakimbia, utaona biashara haijabadilika sana. Wametoa vijiguu tu.

Mlazo ulikuja mapema kuliko yote hayo, na kwa kazi ya kinyume kabisa. Mwaka 1501 huko Venice, Aldus Manutius alichapisha vitabu vidogo vya kushikika mkononi kwa herufi za mlazo alizochongewa na Francesco Griffo. Ulikuwa mwandiko wa watu wasomi, umebanwa, wa kusomwa karibu na kimya. Kwa hivyo unapoandika jina la mtu kwa herufi nzito ya mlazo yenye nyuzi, umechanganya sauti mbili: mnong'ono wa kitabu cha mfukoni na kelele za muuza tiketi. Mimi nadhani hiyo ndiyo sababu inatupendeza. Msiba wetu uko hivyohivyo. Kuna yule anayelia kimya jikoni na kuna spika mbili kubwa nje ya hema.

Niseme mazuri yake, maana yapo mengi. Kwenye simu fonti hii ni malkia. Kioo cha simu hakina mikwaruzo, hakinywi wino, na nyuzi zinatoka safi kama zilivyochorwa. Tangazo la harusi linalotumwa WhatsApp, majina mawili tu na alama ya & iliyojikunja katikati yao, upana wote wa kioo: hapo sijaona fonti ya bure inayoishinda. Inampa mtu wa Kiganjo sura ileile ambayo mtu wa Runda analipia. Kuna watu wa dizaini huko Nairobi wanaoicheka, wanasema imetumika mpaka imechoka. Hilo mimi halinisumbui hata kidogo. Nyimbo za harusi pia zimetumika. Familia nyingi maishani mwao huchapisha kitu mara mbili au tatu, na mojawapo ni siku ambayo mwenye jina hatakiona. Wakichagua herufi inayofanana na pesa na uangalizi, wamechagua vizuri.

Shida inaanza pale picha inapotoka kwenye kioo na kuingia kwenye karatasi.

Programu ya mazishi ya kawaida, kama nyingi zinazopita mikononi mwangu, huwa na jalada la zambarau au la damu ya mzee. Picha ya marehemu katikati, maua kwenye pembe, na juu yake maneno meupe. Sasa fikiria printa inavyofanya. Printa haina wino mweupe. Inapaka zambarau kila mahali na kuiacha karatasi wazi pale penye herufi. Nguzo ni pana, zinasalimika. Lakini uzi, ambao kwa maandishi ya ukubwa wa 12 haufiki hata robo ya milimita, ni mfereji mwembamba kati ya mito miwili ya wino. Wino unatambaa kidogo tu na mfereji umefungwa. Ukipiga fotokopi ile nakala, shida inageuka: sasa herufi ni nyeusi juu ya nyeupe, na mashine inauona uzi kama uchafu, inauruka. Njia zote mbili zinaishia pamoja. Nguzo zinabaki, nyuzi zinakwenda.

Na hapo ndipo Kiswahili kinapoumia kuliko Kiingereza. Rudi kwenye n na u. Kiingereza kina herufi nyingi zenye umbo la kushika jicho: t, d, s, r, h, mara kwa mara zinaivunja ile safu ya nguzo. Kiswahili kinapenda m, n, u, i, na kinazipanga foleni. Andika "kununua" kwa Black Italic, ichapishe ndogo, punguza nyuzi. Ukiondoa k mwanzoni na a mwishoni, unabaki na nguzo kumi zilizoinama upande mmoja, sawasawa, kama ua wa fito uliosukumwa na upepo. Hakuna anayejua wapi n imeisha na u imeanza. "Humu nyumbani". "Umunyumunyu". "Mwenyezi Mungu amjalie" tayari ni mtihani. Jicho la mzoefu linasoma kwa kukisia, maana tunajua neno gani linatarajiwa. Lakini jina la mtu halikisiwi. Jina la kijiji halikisiwi. Nimeona programu ambayo mtaa wa nyumbani kwa marehemu ulisomeka kwa namna mbili, na waombolezaji waliotoka mbali walikuwa wanaulizana kwenye stendi.

Utasema, basi waandike kwa herufi kubwa. Tafadhali wasifanye hivyo. Herufi kubwa za mlazo mzito zilichorwa kuanzisha neno na kuwaachia wengine. Ukizipanga zote pamoja, vijiguu vinagongana, nafasi kati ya A na W inakuwa shimo, na jina zima linaonekana kama matatu zinazogombania lango la stendi.

Halafu kuna viwimbi.

Kwa msomaji ambaye hakulelewa huku: Gĩkũyũ kina irabu saba, na alfabeti ya Kilatini ilitupa tano. Mbili zilizobaki zikaandikwa kwa kuweka kiwimbi juu, ĩ na ũ. Si pambo. Ni sauti nyingine. Muthoni na Mũthoni, ukisoma kama ilivyoandikwa, ni matamshi mawili tofauti, na moja tu ndilo jina la mtu. Ni kweli wengi wetu hatuviandiki. Hatuviandiki kwenye kitambulisho, hatuviandiki kwenye M-Pesa, na tukiitwa tunaitika. Ila wazee wanajua. Kitabu cha nyimbo cha kanisani, Nyĩmbo cia Kũinĩra Ngai, kina viwimbi kuanzia kwenye jalada, na cucu aliyekishika miaka arobaini ataona mara moja kama jina lake limekatwa kichwa. Hata jina la lugha yenyewe ni mtihani mgumu kwa fonti yoyote: Gĩkũyũ, herufi sita, viwimbi vitatu.

Mwandishi maarufu kuliko wote wa kaunti yetu ya Kiambu, Ngũgĩ wa Thiong'o, alibeba vyote viwili katika jina moja, ũ na ĩ. Alipofariki Mei 2025, picha za rambirambi zilijaa simuni mwangu, na nilikuwa nazihesabu kwa tabia yangu mbaya: yenye viwimbi, isiyo na viwimbi, yenye kimoja tu. Mtu aliyeacha kuandika riwaya kwa Kiingereza ili aandike Caitaani Mũtharaba-inĩ, halafu tunamuaga kwa jina lililonyolewa.

Mara nyingi hatuvinyoi kwa kupenda. Fonti nyingi za bure zinazopakuliwa ovyo mtandaoni hazikuchorewa ĩ wala ũ. Ukiandika jina, kompyuta inakosa herufi, inaazima kutoka fonti nyingine. Matokeo umeyaona: M nzito ya mlazo, kisha ũ nyembamba iliyosimama wima kama askari, kisha "thoni" nzito ya mlazo. Ni kama jino la bandia la rangi nyingine. Mtu wa saiba akiona hivyo anafuta kiwimbi, jina linakuwa sare, na kila mtu anafurahi isipokuwa jina.

Hapa ndipo Playfair Display inanishangaza, na ndipo ninaposhindwa kuichukia. Ĩ zipo. Ũ zipo. Ndogo na kubwa, katika uzito wote, wima na mlazo, zimechorwa na mkono uleule uliochora nyingine. Sidhani kuna aliyekaa Ulaya akamfikiria cucu wa Gatundu. Lakini fonti hii inahudumia Kivietinamu, na Kivietinamu kina ĩ na ũ vilevile. Kule kiwimbi kinaonyesha toni, huku kinaonyesha irabu, lakini kwa kompyuta ni herufi ileile. Kwa hivyo siku hizi mtu akiniuliza fonti gani itaandika jina la baba yake vizuri, huwa simwambii atafute yenye Kikuyu, maana hakuna orodha itakayomwonyesha neno hilo kirahisi. Namwambia atafute yenye Kivietinamu. Wananiangalia kama nimevuta kitu.

Lakini enyewe, ona mtego ulivyo. Kiwimbi chenyewe kimechorwa kwa sheria zilezile za fonti: kinaanza uzi, kinanenepa katikati, kinaisha uzi. Kikichapishwa kidogo, cheupe juu ya zambarau, ncha zake zinamezwa na kinabaki kitone kinene. Ĩ inageuka kuwa i ya kawaida. Fonti iliyokuwa na herufi zote za jina, kati ya chache za bure zilizo nazo, inazipoteza mlangoni pa printa kwa sababu ya urembo uleule uliofanya ichaguliwe. Sijui mfano mwingine wa dizaini unaonikera na kunivutia kwa kiasi sawa.

(Kuzika kwa Kikuyu ni gũthika. Wapo wanaosema jina la mji wa Thika lilitoka hapo, wapo wanaobisha. Mimi nimeandika wasifu mwingi mno katika mji huu kuweza kubishana nao.)

Ukitaka kuona herufi hii ikitumiwa na mtu anayeielewa, usiende kwenye duka la kuchapisha. Nenda kwa fundi wa brashi. Wamebaki wachache, maana stika na mabango ya plastiki yamewanyang'anya kazi, lakini upande wa Makongeni yuko mzee mmoja ambaye bado anaandika kuta za maduka. Nilimkuta anamalizia jina la buchari, nyekundu juu ya nyeupe na kivuli cha bluu. Mwenye duka alikuwa amemletea simu yenye picha ya jina hilo, limeandikwa kwa Black Italic kwenye Canva, akamwambia "nataka hivi hivi". Mzee alikuwa amelifuata vizuri sana, mlazo wake, vijiguu vyake, tumbo la kila a. Ila nyuzi zote zilikuwa nene kama kidole.

"Mzee," nikamwuliza, "mbona hapa umenenepesha? Kwenye simu ni nyembamba."

"Kijana, hiyo laini nikiiacha hivyo, jua linaimaliza kwanza. Halafu jina likiharibika mwenye duka atakuja kwangu. Hataenda kwa simu."

Hakuwa na zaidi ya kusema, alitaka nisimzibie mwanga. Lakini nilisimama ng'ambo ya barabara nikalisoma jina lile kutoka mbali, na lilisomeka lote. Bado lilikuwa na ile nene na nyembamba, bado lilikuwa na majivuno. Alichokifanya ni kile alichokifanya Baskerville kutoka upande wa pili: Baskerville aliibadilisha karatasi ikubaliane na uzi, mzee akaubadilisha uzi ukubaliane na ukuta. Wachora fonti wenyewe wanajua jambo hili, ndiyo maana neno "Display" lipo kwenye jina: ni fonti ya maandishi makubwa. Na baadaye Sørensen alitoa toleo lingine, linaloitwa Playfair tu, ambalo nyuzi zake zinanenepa kadiri unavyoandika kwa udogo. Sijaikuta hiyo kwenye saiba hata moja kuanzia Juja mpaka Githurai.

Ukubwa peke yake nao hauokoi. Kamakis, kwenye sehemu za nyama choma kandokando ya Eastern Bypass, kuna mabango marefu kuliko nyumba yaliyoandikwa kwa herufi za ukoo huu. Matatu inaruhusiwa kilomita 80 kwa saa, ambazo ni kama mita 22 kila sekunde. Bango la barabarani unalipata kwa sekunde tatu, nne hivi, yaani unaanza kulisoma ukiwa mita 90 mbali au usilisome kabisa. Kwa kipimo cha daktari wa macho, jicho zima linahitaji mstari wa herufi uwe na upana wa kama sentimita 2.6 ili liusome kutoka umbali huo. Nguzo za bango zinafika. Nyuzi nyingi hazifiki hata moja. Ukipita na mathree unaona fito nyekundu zilizoinama na picha ya mbuzi, na unaelewa kwa sababu ya mbuzi.

Kwa hivyo nina masharti yangu sasa, na watu wa saiba wameanza kunizoea. Jina la marehemu liandikwe kwa "ile ya heshima", sina ugomvi, lakini liwe kubwa mpaka lijaze upana wa karatasi, na liwe jeusi au zambarau juu ya nyeupe, si kinyume chake. Wasifu, ratiba na nyimbo ziandikwe kwa herufi ya wima isiyo na makuu. Viwimbi viwekwe, hata familia isipouliza; nawauliza mimi, na mara nyingi ni shangazi mmoja tu anayejua viko wapi. Na kabla ya nakala 200 kutoka, itoke moja, kwa printa ileile na karatasi ileile, mtu wa familia aishike mkononi.

Wiki iliyopita tulifanya hivyo na msichana mmoja wa Ruiru aliyefiwa na nyanya yake, Wairimũ. Tulikuwa tumesimama nje ya saiba kwa sababu ndani taa ni hafifu. Akalisoma jina la nyanya yake polepole, akapitisha ukucha juu ya ile ũ ya mwisho, akasema liko sawa. Kisha akasema mwaka wa kuzaliwa ulioko kwenye kitambulisho ni wa kukisiwa na chifu, familia inatumia 1946, na hiyo picha ibadilishwe, cucu alikuwa haipendi hata akiwa hai.